Kahawa Mahali pa Karafuu

Katika makosa yote yanayoweza kufanywa na nyumba kubwa ya manukato, hakuna linaloniudhi kuliko kulichukua jina lenye sharafu, lililopatikana kwa jasho la mafundi wa zamani, na kulibandika juu ya kitu ambacho nguzo yake imeng'olewa. Na hivyo ndivyo ilivyofanywa mwaka 2014, nyumba ya Yves Saint Laurent ilipotoa Black Opium, manukato ya wanawake ambayo wasomaji wangu hawana haja ya kuelezwa ni yapi, maana siku hizi ni vigumu kuingia katika ukumbi wa harusi usikutane nayo mlangoni. Karafuu imetolewa, na mahali pake imetiwa kahawa. Yote nitakayoyasema hapa, pamoja na sifa chache zilizomo, yanalizunguka jambo hilo moja.

Sifa nizitoe mapema, kwa kuwa insafu yataka hivyo: ua la mchungwa limepimwa vyema, pachuli imesafishwa hata haina vumbi la ghala, na nguo iliyopuliziwa leo huamka kesho ikiwa bado yanukia. Hayo yatosha.

Sasa tuurudie uamuzi wenyewe. Opium ya awali ya nyumba hiyo, ya mwaka 1977, iliyotungwa na Jean Amic na Jean-Louis Sieuzac wa nyumba ya Roure, ilikuwa na viungo vingi kiasi cha kumchosha mwenye kuviandika: chenza, giligilani, pilipili manga, mdalasini, waridi, asumini, manemane, opoponaksi, labdani, benzoini, sandali, pachuli, walakini wingi huo haukuwa ghasia, kwa sababu katikati yake palikuwa na kiungo kimoja chenye amri juu ya vingine, nacho ni karafuu. Msomaji anayetaka kujua kwa nini kiungo hicho kilipewa amri asitafute jibu katika matangazo. Na achukue karafuu kavu moja iliyo njema, aibane tumboni kwa ukucha wa kidole gumba. Ikiwa haijakamuliwa wala haijazeeka ghalani itatoa utelezi mwembamba wa mafuta utakaong'aa ukuchani, na harufu itakayompanda puani haitakuwa tamu peke yake wala kali peke yake, bali ya moto na ya ubaridi kwa pamoja, yenye ukavu wa mbao na ganzi ya dawa, na nyuma yake utamu mdogo ambao hauji mpaka pumzi ya pili.

Mafuta hayo, aghalabu kwa asilimia 70 hadi 90, ni yujenoli, na tabia ya yujenoli ndiyo iliyowapa Amic na Sieuzac jengo lao. Hairuki upesi kama chenza na jamii yake yote ya michungwa, wala haikawii kama utomvu wa manemane. Husafiri baina ya hizo mbili, na kwa hiyo mtu aliyejipaka Opium huikuta karafuu katika dakika ya kwanza ikiukausha utamu wa tunda, huikuta tena moyoni ikishikana na waridi na asumini hata likazaliwa humo ua la tatu, karnesheni, na mwisho huikuta chini, imepunguza sauti, ikikaa pamoja na benzoini na labdani kama mwenyeji aliyewasindikiza wageni wote mpaka kizingitini. Manukato yenye kiungo cha namna hiyo hayana mshono. Huwezi kusema hapa kichwa kimekwisha na hapa moyo umeanza, na kukosekana huko kwa mshono ndiko nikuitako mahaba katika manukato. Mengine yote yaitwayo mahaba siku hizi ni rangi ya chupa.

Pulizia basi Black Opium juu ya mkono, si juu ya kikaratasi cha dukani, ambacho nimekilaani mara nyingi katika safu hii na sitaacha kukilaani, kwa kuwa hakina joto wala jasho na kwa hiyo ushahidi wake haukubaliki mbele ya kadhi yeyote. Dakika za mwanzo ni peasi na pilipili ya waridi, tunda na mchomo kidogo, mlango wa kawaida wa zama hizi. Kisha kahawa yaja, na sikatai kwamba yaja kwa haiba: kahawa ya unga uliosagwa sasa hivi, yenye ukingo wa lozi chungu na kivuli cha urukususu, kavu, nyeusi kama jina lilivyoahidi, na kwa kitambo kifupi moyo wangu hushawishika kwamba mafundi hawa wamepata kitu. Pua hukaa ikisubiri kahawa hiyo iingie moyoni, imshike asumini mkono, impinge vanila asije na sukari yake yote. Haingii. Inalegea, inapauka, inakuwa maziwa ya kahawa, kisha maziwa matupu, na kabla ya saa moja kupita aliyejipaka amebaki na vanila, sukari iliyounguzwa na ile pachuli safi niliyokwisha kuisifu.

Kwa nini inalegea? Si kwa bahati mbaya, na si kwa uhaba wa fedha. Harufu ya kahawa iliyokaangwa hutokana kwa sehemu kubwa na viungo vyenye salfa, mashuhuri kati yao ikiwa furfurilithioli, ambavyo pua huvitambua hata vikiwa kidogo mno, lakini ambavyo huharibika upesi vikipata hewa. Ndiyo sababu kahawa iliyosagwa jana hainukii kama ya leo, jambo ambalo kila muuza kahawa wa barazani alijua kabla ya kuwako maabara. Fundi anayeitia kahawa katika manukato anajua kwamba ametia kitu kisicho na umri, na kwamba lazima akisaidie kwa kiungo kingine chenye ukavu wa jamaa yake, kitakachoshika bendera pale kahawa itakapoidondosha. Mafundi wa Black Opium wamemkabidhi vanila bendera hiyo. Baina ya kahawa inayokimbia na vanila inayokaa pana uwazi, na uwazi huo wameujaza utamu. Ni kosa la ujenzi, si la ladha. Mtu aweza kuipenda sukari apendavyo na bado akaona kwamba ukuta wa katikati haupo.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba daraja la kuuvukia uwazi ule lilikuwepo tangu hapo, na lilikuwa ndani ya nyumba. Yujenoli na vanilini, ambayo ndiyo kiini cha harufu ya vanila, ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili zimejengwa juu ya kemikali iitwayo gwayakoli, na udugu huo si wa vitabuni tu: mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kabla mabaki ya mbao za viwanda vya karatasi hayajachukua kazi hiyo, vanilini ya viwandani ilitengenezwa kwa yujenoli iliyotolewa katika karafuu, na maadamu visiwa vya Unguja na Pemba ndivyo vilivyokuwa vikiilisha dunia karafuu kwa wingi tangu enzi ya Sayyid Said, si ajabu kwamba vanila nyingi iliyonukia mezani kwa Wazungu ilianza maisha yake ikiwa imetandazwa juani juu ya jamvi. Na kahawa je? Mbegu yake ikikaangwa huzaa gwayakoli hiyo hiyo, ndiyo ule moshi mtamu ulioko chini ya uchungu wake. Basi tazama: kahawa huku, vanila kule, na karafuu ni jamaa wa pande zote mbili, ina umri ambao kahawa haina na ukavu ambao vanila haina, tena ndiyo mwenye nyumba, ndiyo iliyolijengea jina Opium itibari yake yote. Hiyo ndiyo wakaitoa.

Nimesikia ikisemwa kwamba kahawa na karafuu haziafikiani. Anayesema hivyo hajapata kunywa kahawa ya Waomani, ambayo hutiwa iliki sikuzote, na mara nyingine zafarani na karafuu, na hunywewa bila sukari kwa kikombe kisicho na mkono, tende ikiwa kando. Wala hajakaa barazani Mombasa au Lamu jioni, mahali ambapo kahawa huwa chungu kwa kusudi, na utamu hupewa sahani yake mbali, halua au kashata, ili kimoja kimtafute mwenzake mdomoni na visichanganywe na mtu mwingine kwa niaba yako. Uchungu ndio adabu ya kahawa. Kuichukua kahawa kwa ajili ya jina lake na weusi wake, kisha kuizamisha katika maziwa na vanila mpaka ipoteze uchungu, ni kuialika na kuinyima kiti.

Hapa lazima niseme neno juu ya sukari, ingawa wasomaji wa siku nyingi watacheka kwamba mzee amerudi palepale. Nimerudi. Tangu mwaka 1992, Thierry Mugler alipotoa Angel, yenye pachuli nzito na etilimaltoli inayonukia sukari ya maonyesho, wanawake wameuziwa vitafunio kwa jina la mapenzi, na mmoja wa mafundi wanne waliotiwa jina katika Black Opium, Olivier Cresp, ndiye aliyeitunga Angel. Sisemi kwamba Angel ni kazi mbaya. Ilikuwa na ujasiri, na pachuli yake ilikuwa na meno. Nasema kwamba ilizaa watoto wengi wasiokuwa na meno. Na wale wanaodhani kwamba kahawa haiwezi kusimama katika manukato matamu wamesahau kwamba nyumba hiyo hiyo ya Mugler ilitoa A*Men mwaka 1996, kazi ya Jacques Huclier, ambaye aliweka kahawa na karameli pamoja na pachuli, kisha akafanya lile ambalo wanne hawa hawakulifanya: alitia lami. Lami ile, nyeusi na chungu, ilifanya kazi ya daraja. Kahawa ilipoondoka, uchungu ulibaki. Ni manukato ya wanaume, na si yangu, lakini ukuta wa katikati upo.

Wanne, nimesema: Nathalie Lorson, Marie Salamagne, Honorine Blanc na huyo Cresp. Kila mmoja wao peke yake ni fundi ambaye kazi zake nimezisifu au nitazisifu. Lakini manahodha wengi, chombo huenda mrama, na nashuku kwamba karafuu haikutolewa na pua ya yeyote kati yao bali ilianguka mezani, mahali ambapo kiungo chenye tabia humuudhi mtu mmoja na kiungo kisicho na tabia hakimuudhi yeyote. Tuwatazame waliotangulia. Jean Carles alipofanya Tabu mwaka 1932 alijaza pachuli na karnesheni kwa kiasi ambacho leo kingemfukuzisha kazi. Ndiye huyo aliyefungua shule ya Roure huko Grasse, na Opium ilitoka katika nyumba hiyo hiyo, kwa hiyo nasaba haijifichi. Josephine Catapano aliifanyia Estée Lauder ile Youth-Dew ya mwaka 1953, iliyouzwa kwanza kama mafuta ya kuogea, na karafuu yake ilinukia mlango wa tatu. Jacques Guerlain katika Shalimar ya mwaka 1925 alikuwa na vanila nyingi kupita hawa wote, lakini hakuiacha itawale bila mpinzani: aliiwekea bergamoti tele upande wa juu, na moshi, ngozi na zabadi upande wa chini, akailazimisha vanila ifanye kazi kama mtu mzima. Hakuna hata mmoja katika hao aliyeogopa kwamba mnunuzi angekunja uso katika dakika ya kwanza.

Watetezi wana hoja mbili. Ya kwanza ni ya sheria: kwamba yujenoli imewekewa kikomo na chama cha kimataifa cha manukato, IFRA, kwamba ndugu yake isoyujenoli, ambaye karnesheni haikamiliki bila yeye, wakati ule alikuwa amebanwa hadi asilimia 0.02; na kwamba sheria ya Ulaya ya mwaka 2003 iliwataja wote wawili katika viungo 26 vilivyotakiwa kuandikwa juu ya bidhaa, kwa ajili ya wale ambao ngozi zao huwashwa. Yote ni kweli, na hata Opium yenyewe imekonda kwa sababu hizo, kama ajuaye yeyote aliyehifadhi chupa ya zamani, ile ya Pierre Dinand iliyofanana na kijaluba cha Kijapani. Lakini hoja hii yathibitisha tu kwamba karafuu haiwezi kuwa mfalme tena. Haithibitishi kwamba haiwezi kuwa daraja. Daraja halihitaji mapipa. Ninaowalaumu hawakubanwa wakapunguza. Waliondoa, kisha wakaweka jina mlangoni.

Hoja ya pili ni ya soko, na kwangu ilikuja kwa sauti ya binti wa dada yangu, msichana mwenye akili na chupa tatu za Black Opium, aliyenusa Opium ya zamani juu ya kitambaa changu akarudi nyuma hatua moja. "Mjomba," akasema, "samahani, lakini hii yanukia jino linalouma." Muuzaji mmoja wa duka kubwa la manukato, ambaye simtaji, aliwahi kuniambia neno la namna hiyo, akaongeza kwamba karafuu ni ya pilau. Muuzaji nilimwacha na pilau yake. Binti nilimjibu kwa taratibu, nikamkumbusha singo aliyosuguliwa wiki ya harusi yake, yenye karafuu iliyosagwa pamoja na maua ya mlangilangi, asumini na waridi, na kwamba siku zile hakuna aliyemwambia kwamba anukia jino. Akanyamaza kidogo, akasema singo ni singo na perfyumu ni perfyumu. Hapo ndipo tulipo: kiungo ambacho katika mwambao wetu kimewekwa juu ya ngozi ya bibi harusi kimehamishiwa kwa daktari wa meno, na waliokihamisha ni watu walewale waliowahi kukiuza kwa jina la ashiki, pamoja na picha za Jerry Hall zilizopigwa na Helmut Newton.

Sitasema mengi juu ya zogo la jina, ambalo huko New York liliwafanya Wamarekani wenye asili ya China walalamike, kwa haki yao, kwamba msiba wa mababu zao umefanywa pambo la chupa. Ni shauri kubwa kuliko safu hii. Natambua tu kwamba nyumba ilililinda jina dhidi ya watu wenye jeraha la kweli, kisha miongo kadhaa baadaye ikalitumia kuuzia manukato ambayo hayana hata kile kiungo kimoja kilichokuwa kikitawala. Yves Saint Laurent mwenyewe alifariki Juni 2008, mwaka ule ule ambao L'Oréal ilinunua upande wa manukato wa nyumba yake, na kwa hiyo hakuulizwa.

Liko pia jambo la hali ya hewa, ambalo wakosoaji wa Paris hawana sababu ya kulijua. Kaskazi inapopamba moto, mwezi wa pili na wa tatu, utamu ulio juu ya ngozi yenye jasho hauchanui bali hunata, na Black Opium mchana wa Dar es Salaam hunukia sukari iliyosahauliwa jikoni. Karafuu katika joto hilo hilo hukauka na kutoa ubaridi wake. Fauka ya hayo, wanawake wengi wa huku huvaa nguo iliyokwisha kufukizwa udi juu ya chetezo, na juu ya moshi wa udi Opium ya zamani ilikuwa ikiingia kama jamaa, manemane kwa udi na sandali kwa udi, ilhali Black Opium hukaa juu yake bila kuingia, harufu mbili zikipigania nguo moja.

Asiyeniamini juu ya daraja naye aweza kujaribu kwa gharama ndogo. Atafute mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, ya aina ile inayochemshwa kiwandani Wawi, karibu na Chake Chake, ambayo yujenoli yake ni nyingi na bei yake si ya kutisha. Asiyapake mwilini, kwani yasipozimuliwa huunguza ngozi. Apulizie Black Opium juu ya kipande cha kitambaa cha pamba, achovye ncha ya njiti katika mafuta hayo na kuigusisha pembeni mwa kitambaa mara moja tu, akiweke ndani ya gudulia lenye kifuniko, na kando yake gudulia la pili lenye kitambaa kisicho na makonyo. Kisha ayaache yote mawili mpaka saa ile ambayo kahawa kwa kawaida hupotea. Mimi nilipofanya hivyo, katika gudulia la pili nilikuta maziwa na vanila kama nilivyotarajia. Katika la kwanza kahawa ilikuwa bado imesimama, si yenyewe kwa hakika bali uchungu wake umechukuliwa na karafuu hata pua haikujua ni lini ilipokezana. Asumini ilikuwa imepata mwili, ua la mchungwa limeanza kuelekea karnesheni, na vanila imekaa chini kwa adabu. Kilichopungua ni kimoja tu, nacho ni ule urahisi wa dakika za mwanzo, utamu wa peasi na sukari ambao mteja huukuta juu ya kikaratasi, akatabasamu, akafungua mkoba.